Kuezua Bila Kuvunja

Mwalimu wa mjukuu wangu ameweka alama ya kosa mahali pasipo na kosa, na mimi sitanyamaza. Mtoto alipewa neno la Kiingereza, detach, yaani kubandua, aeleze maana yake na alitumie katika sentensi. Akaandika kwamba babu yake alikuwa akitoa nyumba mahali fulani na kuipeleka mahali pengine, kipande kwa kipande. Mwalimu akapiga mstari mwekundu na kuandika pembeni kwamba karatasi hutolewa kwenye daftari, na kifungo kwenye shati, lakini nyumba huvunjwa.

Mwende akaniletea daftari hapa ninapokaa siku hizi na magoti yangu.

"Umau," akaniambia, maana kwetu babu ni umau, "ni mimi nimekosea ama ni mwalimu?"

Ni mwalimu. Nimefanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Nimeezua nyumba Kangundo kwenye milima ambako ngazi haipati mahali pa kusimama, nimeezua Katangi ambako bati likipigwa na jua la saa saba huwezi kuliwekea mkono. Sijavunja nyumba hata moja. Kwa hiyo maneno haya ni ya Mwende, na ni yenu pia vijana wa mjengo mnaopita hapa na grenda za kukatia chuma begani mkicheka wazee. Mwalimu naye akitaka kusoma, simkatazi.

Mtu wa mjini atauliza, nani anahitaji nyumba itolewe paa? Watu wengi. Kuna mzee aliyenunua shamba Yatta akataka kuhama na nyumba yake yote. Kuna mwenye duka anayehama kutoka upande mmoja wa soko kwenda upande wa pili kwa sababu stendi imehamishwa. Kuna ndugu wawili waliogawana boma, mmoja akapata ardhi na mwingine akapata nyumba, na sasa mwenye nyumba lazima aibebe. Bati zuri la geji ishirini na nane linaweza kufunika familia tatu, moja baada ya nyingine, kama litatolewa na mtu mwenye akili.

Aliyenipa akili alikuwa Mzee Kaleli. Alikuwa mfupi, mkimya, na alikuwa na tabia ya kupiga mluzi fundi wake anapofanya upuuzi, badala ya kusema. Wiki yangu ya kwanza hakuniacha nipande popote. Alinipa debe la misumari iliyopinda na jiwe, akaniambia niinyooshe. Siku ya tatu nilichoka, nikamwuliza kama hakuna misumari mipya dukani Machakos yote. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi wa jirani kwenye kunde zake.

"Aliyepiga hii msumari hakuwa adui yako," akasema. "Itoe na heshima."

Hayo ndiyo maneno marefu zaidi niliyomsikia akisema kabla ya mwezi kwisha. Lakini mkono wake ulikuwa unasema siku nzima. Alinifundisha kwamba bati la mwisho kulala ndilo la kwanza kuamka. Ukianza na bati ambalo limelaliwa na jirani yake, utalipasua, na jirani atapasuka pia. Alinifundisha kwamba msumari wa mwisho wa kila bati unaachwa kwenye kona ya juu mpaka mwenzako aliye chini aseme, "Nimeshika." Upepo haungoji mtu. Nimeona bati likiruka kutoka kwenye paa la kanisa na kwenda kukata mgomba shamba la tatu, na tangu siku hiyo sibishani na upepo.

Na zaidi ya yote alinifundisha kuanzia chini. Fundi wa kuezua haanzi na ngazi. Anaingia ndani ya nyumba, anapanda juu ya meza au pipa, anatafuta ncha za misumari zilizotokeza kwenye mbao. Ile iliyopindwa anainyoosha. Kisha anaigonga polepole kwenda juu mpaka kofia ya msumari iachane na bati. Hapo ndipo unapanda nje, unaweka kipande cha ubao chini ya makucha ya nyundo ili usikunje bati, unavuta, na msumari unatoka mzima. Ukianzia juu, utalazimisha, tundu litapanuka, na mvua itakutafuta popote utakapolala.

Sasa nyinyi mna grenda. Mnapanda, mnawasha, zzzz, kofia za misumari zinaruka, na kazi ya siku mbili imekwisha kabla ya chai ya saa nne. Sawa. Lakini cheche zile zinachoma ile rangi nyeupe ya bati, na msimu ukigeuka mnaona kutu. Na kiini cha msumari kimebaki ndani ya mbao kama mwiba kwenye unyayo. Fundi atakayekuja baadaye na msumeno wake atakilaani kizazi chako. Mkiniambia dunia imebadilika, nitawaambia mvua haijabadilika.

Msidhani ninajisifu tu. Nimefanya makosa ambayo Katangi bado wanayacheka. Tulihamisha duka lililojengwa kwa mbao na mabati, mimi na mwenzangu Wambua, ambaye tulifanya naye kazi tangu tukiwa vijana mpaka magoti yakatuachanisha. Kila ukuta tuliuandikia namba kwa chaki. Wambua akaanza kuhesabu kutoka mlangoni, mimi nikaanza kutoka jikoni, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Njiani mvua ikanyesha kidogo ikafuta nusu ya chaki. Tulipofika tukajenga kwa kubahatisha, tukapiga mabati, tukanawa mikono, tukasubiri sifa. Mwenye duka akaja, akazunguka mara mbili. Dirisha la kuuzia lilikuwa linatazama choo cha jirani.

"Sasa mimi nitauzia nani?" akatuuliza. "Wale wanatoka choo?"

Tulifungua tena kila kitu, siku mbili, na soko zima likitusaidia kwa ushauri. Kuanzia hapo niliandika kwa rangi, si chaki, na kila namba ilianza mlangoni kwenda kushoto. Kosa lile halikumwumiza mtu. Lingine ninalotaka kuwaambia liliumiza, ama lilikuwa karibu kuumiza, na sikulifanya nikiwa mwanagenzi. Nililifanya nikiwa fundi mwenye jina.

Asubuhi moja alinipigia simu mtu mmoja niliyemheshimu, nitamwita Kimeu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, na nusu ya kazi zangu zilipitia kwake, kwa sababu watu wakinunua misumari huuliza fundi. Akasema ana nyumba huko Kola ya ndugu yake marehemu, haina mtu, na wanataka mabati wamwezekee mama yao jikoni. Kazi ya siku moja.

Tulifika asubuhi hiyo hiyo, mimi na Wambua. Ilikuwa Novemba, mahindi yamefika magotini, na wanawake walikuwa wanapalilia kwenye matuta ya mlima wa mkabala. Kimeu alikuwa pale na mdogo wake, Mbithi, na pikapu. Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali, paa safi. Mlango ulikuwa na kufuli.

"Nipe ufunguo niingie," nikamwambia Kimeu.

"Funguo imepotea, fundi. Kwani unaingia kufanya nini? Mabati si iko juu?"

"Mimi huanzia chini."

"Aki wewe," akacheka, "watu wanasema umekuwa na maneno mengi kama fundi wa saa. Leo anzia juu. Hakuna mtu wa kukuuliza."

Nikaona haya. Mtu anayekupa kazi akikucheka mbele ya mdogo wake, unajikuta unaweka ngazi. Na nitawaambia ukweli, kwa sababu bila ukweli huu hadithi hii haina maana: uwanja ulikuwa umefagiliwa. Mistari ya ufagio ilikuwa bado inaonekana kwenye vumbi. Niliiona. Nilijiambia pengine ni mama yao aliyepitisha ufagio, nikapanda.

Nikaondoa lile bati la mgongoni linaloziba kilele, na kwa sababu nilikuwa navuta kutoka juu kwa nguvu, nikalikunja. Wambua akapiga mluzi kama marehemu Kaleli. Nikamwambia anyamaze ashike mabati. Moja, mbili, tatu. Kwenye la nne akaniita.

"Hii bati imeandikwa jina chini. Ndunge."

"Ni alama ya dukani. Weka kwa gari."

"Na hii ni Mwelu."

"Wambua, weka kwa gari."

Nilikuwa nimetoa manane jua lilipopata nafasi ya kuingia vizuri ndani ya nyumba. Nikageuka kutafuta mahali pa kuweka mguu, na nikaona chini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, blanketi limekunjwa pembe nne. Sare ya shule ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Magunia mawili ya mahindi yalikuwa yamesimama ukutani, na chini ya meza, ndani ya karai, kuku alikuwa ameatamia mayai. Akainua kichwa, akaniangalia kwa jicho moja. Nimeangaliwa na wateja wenye hasira maisha yangu yote, lakini sijawahi kuona aibu kama niliyoiona mbele ya kuku yule.

"Kimeu!" nikaita. "Nani analala humu?"

"Hakuna mtu. Nilikuambia."

"Kuna kuku ameatamia."

"Hiyo kuku ni ya marehemu."

"Marehemu alikufa lini?"

"Mwaka jana. Kwa nini?"

"Basi hiyo kuku imeatamia siku nyingi."

Wambua akacheka, Mbithi akacheka pia kabla ya kukumbuka yuko upande gani. Kimeu hakucheka. Akasogea mpaka chini ya ngazi na kuanza kuongea polepole, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Sikiliza, fundi. Huyu mwanamke wa ndugu yangu ameambiwa atoke kwa hii boma, amekataa. Ameenda Kangundo na watoto, mama yake ni mgonjwa. Anarudi kesho. Akikuta nyumba haina juu, atajua hakuna mahali yake hapa. Hatumpigi, hatumtusi. Ni mabati tu. Toa iliyobaki tuende."

Hapo nikaelewa kazi niliyokuwa nimekodiwa. Nilikodiwa kumtoa mama na watoto wake wadogo kwenye nyumba yao, na nyundo yangu ndiyo iliyochaguliwa kwa sababu haina kelele. Nilikasirika, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Sitoi hata moja tena," nikamwambia. "Nirudishie yale manane niyapige."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua."

"Ukikataa, wewe hautapata kazi Machakos hii. Hata msumari hautauziwa."

"Niko na ya kutosha hapa kwa mfuko. Lete mabati."

Kimeu akamwashiria mdogo wake. Mbithi akaivuta ngazi, akaibwaga kando ya choo. Wambua alipojaribu kuiokota, wakamsukuma akaanguka kwenye mihogo. "Kaa hapo juu na kiburi yako," Kimeu akaniambia, akaanza kufunga mabati kwenye pikapu kwa kamba.

Nikiwa pale juu nilitazama upande wa milima. Wingu lilikuwa limeshuka, jeusi, na upepo umeanza kunusa mabati yaliyobaki. Saa moja hivi, labda chini ya hapo, na mvua ingeingia kwenye kitanda kile, kwenye mahindi yale ya watoto, kwenye sare. Sikuwa na ngazi, sikuwa na mabati, na mwenzangu alikuwa kwenye mihogo akitafuta kiatu. Nilikuwa na nyundo na misumari peke yake.

Nikainamisha kichwa ndani ya tundu, nikatazama mabati yaliyokuwa bado yamepigwa. Chini ya kila moja kulikuwa na jina kwa rangi nyekundu, mkono tofauti kila jina. Nikakumbuka mwethya. Mwende, wewe hukuona mambo hayo vizuri, kwa hiyo nikueleze. Mwethya ni kundi la wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu, na wakikubaliana wanaezekeana nyumba pia, kila mmoja akileta bati lake. Paa lile halikuwa la marehemu, wala la Kimeu. Lilikuwa la wanawake, na wanawake wenyewe walikuwa wanapalilia mbele ya macho yangu.

Nikasimama juu ya mbao, nikashika ukingo wa ukuta, nikaita kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kuwaita watu mtoni.

"Ndunge! Ndunge eee! Bati lako linapelekwa!"

Kimeu akainua kichwa. "Unaita nani?"

"Mwelu! Bati lako linapelekwa! Kavata! Syokau! Mbulwa!"

Nilisoma majina yote, yaliyokuwa juu na yale niliyoyasikia kwa Wambua. Kimeu akacheka akasema nimepigwa na jua. Lakini ng'ambo ya bonde jembe moja lilisimama, kisha lingine. Sauti ya mwanamke ikarudi, nyembamba, imechukuliwa na upepo: "Ni nani ananiita?"

"Ni fundi! Niko juu ya nyumba ya Mama Kyalo! Mabati yenu yako kwa gari!"

Hilo jina nililipata kwenye sare ya shule. Kyalo lilikuwa limeshonwa kifuani. Wanawake hawakuuliza swali la pili. Walishuka matuta yale kwa namna ambayo mimi na magoti yangu ya leo siwezi hata kuieleza bila maumivu.

Wa kwanza kufika, Kimeu akiwa bado anahangaika na kamba, alikuwa Ndunge, bibi mwenye kichwa cheupe na jembe begani. Hakusalimia mtu. Akazunguka nyuma ya pikapu, akapanda, akaketi juu ya mabati manane.

"Susu, shuka kwa gari," Kimeu akamwambia. Alimwita susu, bibi, kwa heshima, maana hata mtu mwovu hukumbuka adabu mbele ya mvi. "Hii ni mambo ya nyumbani."

"Ni nyumbani, ndiyo. Mwikali, huyu mama ya Kyalo, alipoletwa hapa kama bibi arusi, hii nyumba ilikuwa ya nyasi. Nyoka zilikuwa zinamwangukia kwa kitanda. Hii bati nilibeba na kichwa kutoka kwa barabara. Wewe ulikuwa umekaa hapo kwa kivuli ukingoja chai. Ulileta bati gani?"

Kimeu akajifanya anakaza kamba.

"Nimekuuliza. Jina yako iko kwa gani?"

Wengine walikuwa wamefika, sita, saba, kisha sikuhesabu tena. Mmoja aliketi mbele ya gurudumu na kunyoosha miguu kama aliyekuja kupumzika. Mwingine aliokota ngazi kando ya choo, akaileta, akaigonga ukutani. "Fundi," akaniambia, "wewe ndiye ulitoa?"

"Ndiyo."

"Basi rudisha. Tutakuongelesha baadaye."

Wambua akaanza kunipa mabati. Nilifanya kazi siku hiyo kama sijawahi kufanya. Kila bati lilirudi mahali pake, kwenye matundu yake yale yale, na kwa kuwa matundu yalikuwa yamepanuka kwa sababu ya haraka yangu, nilikata raba kwenye tyubu ya baiskeli aliyoileta mwanamke mmoja, nikaweka kipande chini ya kila kofia. Nilipiga kwenye migongo ya bati, si kwenye mabonde. Tone la kwanza lilinipiga shingoni nikiwa kwenye bati la saba. Lile la kilele nililokunja nililinyoosha kwa goti, nikaligonga, nikaliziba kwa lami. Mvua ilipomwagika yote, mimi nilikuwa bado juu, nimelala kifudifudi, nikipapasa msumari wa mwisho. Pikapu ilikuwa imeshaondoka tupu.

Nilishuka nimelowa mpaka kwenye soksi. Wanawake walikuwa wamejibanza chini ya ukingo wa paa, na kweli wakaniongelesha. Sitaandika yote waliyosema. Mengi yalikuwa sahihi.

Kesho yake nilirudi peke yangu nikamngoja Mama Kyalo. Angeweza kusikia kwa wengine, na nilitaka asikie kwangu. Alifika mchana na watoto wawili na kikapu. Nikamwambia mimi ndiye niliyetoa paa lake, bila kuanzia chini ndani ya nyumba kama nilivyofundishwa. Akafungua kufuli, akaingia, akakaa humo muda mrefu. Nilimsikia akivuta magunia, akiinua godoro. Alipotoka hakuniambia niketi.

"Ulianzia juu?" akaniuliza.

"Nilianzia juu."

"Nilikuwa nimefagia nje. Haukuona?"

"Niliona."

"Na kama hiyo kuku haingekuwa ndani?"

Ningeweza kumdanganya. Hakuna ambaye angejua. "Ningemaliza, Mama Kyalo," nikamwambia.

Akaniangalia sana. Watoto walikuwa wameshaingia kumwona kuku. "Kimeu anaenda kwa chifu Jumatatu," akasema. "Atasema ulikuja mwenyewe kuiba. Utakuja useme yale umeniambia?"

Hilo lilikuwa jambo kubwa, na yeye alilijua. Kukubali mbele ya chifu kwamba nilipanda nyumba ya mtu na kutoa mabati, wakati tajiri anasema hakunituma, ni kujifunga kamba mwenyewe. Wambua alinishauri nijifanye mgonjwa. Rafiki zangu wa kanisani walinishauri nimtumie Kimeu ujumbe wa kuomba msamaha. Nilikwenda.

Ofisi ya chifu ilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kimeu alisema alichosema. Chifu akaniuliza kama nina la kujibu. Nikasimama, nikainua mikono yangu yote miwili.

"Mikono iliyotoa yale mabati ni hii," nikasema. "Sikuingia ndani kuangalia, na kazi yangu inanitaka niingie. Hilo ni kosa langu, mnifunge mkitaka. Lakini aliyenipigia simu ni huyu hapa, na namba yake iko kwa simu yangu, siku ile, asubuhi. Kama ni wizi, tulikuwa wawili."

Chifu akaomba simu, akaitazama, akampa mzee wa kijiji naye akaitazama. Kisha Ndunge na wenzake wakatoa ushuhuda, mmoja baada ya mwingine, mpaka chifu akawaomba wapunguze. Siku hiyo iliandikwa kwamba hakuna mtu wa kugusa nyumba ile. Mambo ya shamba yalikwenda mahakamani na yakachukua miaka, kama yanavyochukua, lakini Mama Kyalo aliyangoja akiwa chini ya paa lake, na yuko pale mpaka leo. Mimi sikufungwa. Kimeu naye alitimiza alichoahidi. Simu yangu ilinyamaza. Wateja niliowazoea walipata mafundi wengine, na msimu mzima wa mvua ndefu nilikaa nyumbani nikiranda mipini ya majembe.

Siku moja tulikuwa tukila isyo, mahindi na maharagwe bila hata kitunguu, mimi na mke wangu Syombua. Alikuwa amevumilia miezi mingi bila kulalamika. Akaweka kijiko chini.

"Niambie ukweli," akasema. "Unajuta?"

"Najuta," nikamjibu.

Akashtuka, maana ananijua. "Unajuta nini?"

"Yale mabati manane niliyotoa kabla ya kuangalia ndani."